Ile fomu ya intaneti niliyosainia mgongoni kwa mtoto

Naomba nianze kwa kukiri. Ile fomu sikuisoma. Yaani hata mstari mmoja. Nilichoona ni kichwa chake tu, Ruhusa ya Mzazi au Mlezi kwa Mwanafunzi Kutumia Intaneti Shuleni, nikaona kule chini kuna nukta nukta za jina na sahihi, basi. Ilikuwa asubuhi, tumeshachelewa, binti yangu kaikumbuka tukiwa tayari mlangoni, "baba mwalimu kasema leo ndo mwisho, asiyeleta haingii chumba cha kompyuta", kaichomoa kwenye begi imekunjwa mara nne na kona moja imelowa sijui nini, nikamwambia geuka, nikaitandaza mgongoni kwake nikasaini hapohapo, kalamu ikatoboa karatasi kwenye herufi ya mwisho ya jina langu, yeye anacheka eti namtekenya. Sekunde kumi hazikufika.

Wiki kama tatu baadae mama yake ananitumia picha kwenye simu. Hajaandika neno, picha tu na alama ya kuuliza. Nafungua, ni binti yangu huyohuyo, kakaa mbele ya kompyuta meno yote nje, na chini yake maandishi: majina yake yote matatu, darasa lake, jina la shule, na kwamba ndo bingwa wa kuchapa kwa kasi. Nikajua imetoka kwenye grupu la wazazi. Kumbe wapi, ni ukurasa wa shule ambao uko wazi kwa dunia nzima, hauulizi akaunti wala nini, yeyote akiandika yale majina matatu anampata. Na aliyemtumia mama yake ni mtu waliyesoma naye zamani, hata hatujui siku hizi anaishi wapi, kaandika tu "hongereni kwa mtoto". Nia yake njema kabisa. Ila mimi mwili ulinisisimka.

Kesho yake nikaenda shule. Nimejipanga kweli, njia nzima naongea peke yangu nafanya mazoezi ya hoja. Mwalimu wa kompyuta akanisikiliza mpaka mwisho, mpole tu, hakunikatisha, kisha akavuta droo, akatoa faili, akafunua funua, akaniwekea karatasi mezani.

"Mzazi, hii si sahihi yako?"

Na kale katundu ka kalamu kapo.

Nikaufyata. Ile fomu nikaisoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama mbele ya meza ya mwalimu, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Ilikuwa aya moja tu, ndefu, maandishi madogo. Sentensi ya kwanza ni ile unayoitegemea, natoa ruhusa mwanangu atumie intaneti kwa ajili ya masomo. Sawa, hilo nalikubali hata niamshwe usingizini. Ya pili inasema mwanafunzi atafuata kanuni za matumizi zilizowekwa na shule, ila kanuni zenyewe hazipo, hazijabandikwa nyuma wala hazikuja na karatasi nyingine. Ya tatu, shule itamfungulia mwanafunzi akaunti na huduma nyingine za mtandaoni zitakazohitajika. Zitakazohitajika na nani, lini, hakuna. Ya nne ndo iliyonipata, kazi na picha za mwanafunzi zinaweza kutumika kwenye majukwaa ya shule. Ya tano, shule haitawajibika kwa chochote atakachokutana nacho mtandaoni. Halafu sahihi moja.

Mambo matano, sahihi moja. Na ukiyaangalia hata hayafanani. La kwanza ni ruhusa kweli, mtoto anaenda kujifunza. La tatu na la nne hayamhusu mtoto anachokifanya, yanahusu wengine watakachomfanyia mtoto, taarifa zake, sura yake. La tano si ruhusa kabisa, ni shule inajikinga mvua kwa mwavuli wangu. Ila kwa sababu yote yamefungwa kwenye aya moja, ukitaka mwanao ajifunze kompyuta inabidi umeze na mengine. Huku ndo kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tofauti ni kwamba mimi gunia nilipewa mkononi nikashindwa kulifungua mwenyewe.

Mwalimu naye kaniambia kitu ambacho mpaka leo kinanikera kwa sababu ni cha kweli. Kasema, "Katika fomu zote nilizogawa hakuna mzazi hata mmoja aliyekuja na swali. Nikajua mmekubali."

Usiku ule sikulala mapema. Nikaanza kutafuta, hivi wenzetu huko duniani hili jambo wanalifanyaje, na kumbe watu wamegombana mpaka mahakamani kwa sababu ya karatasi kama ile.

Kisa kilichonifungua macho zaidi ni cha Sweden, mji unaitwa Skellefteå, mwaka 2019. Shule moja ya sekondari ilijaribu kuchukua mahudhurio kwa kamera inayotambua sura za watu, wanafunzi 22 tu, kwa wiki kama tatu. Na shule iliomba ruhusa! Wazazi walikubali, yaani makaratasi yapo. Ikaja mamlaka ya nchi ya kulinda taarifa za watu ikasema ruhusa hiyo haihesabiki, kwa sababu mwanafunzi na shule hawako sawa kinguvu, mmoja yuko chini ya mwenzake, sasa huyo wa chini akisema ndiyo utajuaje kama ametaka au ameogopa. Wakapigwa faini ya krona 200,000, na ndo ilikuwa faini ya kwanza Sweden chini ya ile sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu iliyoanza kazi Mei 2018, GDPR.

Hebu lifikirie kidogo. Anayekuletea fomu ndiye huyohuyo anayemsahihishia mwanao mtihani, ndiye anayemwandikia ripoti, ndiye anayeamua akae mbele au nyuma. Utamkatalia kwa raha gani? Wengi wetu tukipata karatasi ya shule hatujiulizi kama tunakubali, tunajiuliza kalamu iko wapi.

Kenya nako limetokea, na lao linafanana na langu kuliko yote. Septemba 2023 kamishna wa kulinda data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria yao ya mwaka 2019 inataka mambo mawili kwa pamoja, mzazi au mlezi akubali, na pia taarifa hizo zitumike kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto mwenyewe. Nimelipenda hilo la pili. Manake mzazi naye anaweza kukubali upuuzi. Mimi mwenyewe si nimekubali upuuzi.

Halafu kuna hiki cha Marekani, jimbo la Pennsylvania, ambacho nilikisoma nikaenda kufunika kamera ya kompyuta yangu kwa plasta saa saba usiku. Wilaya moja ya elimu iliwapa wanafunzi wa sekondari kama 2,300 laptopu za kwenda nazo nyumbani. Jambo zuri si ndio. Wazazi wakasaini makubaliano, kanuni za kutunza, nani atalipa ikivunjika, yote hayo yalikuwemo. Kitu ambacho hakikuandikwa mahali popote ni kwamba ndani ya zile mashine kuna programu ya kusaka laptopu iliyopotea, na hiyo programu ikiwashwa inapiga picha kupitia kamera na kupiga picha ya skrini pia, kila baada ya dakika chache, mashine ikiwa popote, hata chumbani kwa mtoto. Ilijulikana mwaka 2010 baada ya kijana mmoja kuitwa na uongozi akionyeshwa picha yake akiwa nyumbani kwao, wakidhani ana vidonge mkononi, mwenyewe akasema ni pipi. Uchunguzi ukakuta picha zaidi ya 50,000. Kesi ikaisha kwa wilaya kukubali kulipa dola 610,000.

Sasa wale wazazi walisaini. Tena wengine nina hakika walisoma vizuri tu, si kama mimi wa mgongoni. Ila huwezi kuruhusu kitu ambacho hujaambiwa kipo. Ndo maana siku hizi mtu akiniambia "lakini ulisaini" namuuliza nilisaini nini, nisomee.

Denmark sitakaa sana, ila mjue tu kwamba kule mji wa Helsingør mwaka 2019 baba mmoja aligundua mwanawe mdogo ana akaunti ya YouTube yenye jina lake halisi, imetokana na akaunti ya shule, yeye mzazi hana habari. Akalalamika, akaendelea kulalamika, miaka ikapita, mpaka Julai 2022 mamlaka yao ikaupiga marufuku ule mji kutumia Chromebook, zile laptopu za mfumo wa Google, na huduma za Google mashuleni kwanza hadi wajieleze taarifa za watoto zinaenda wapi. Marufuku ilisimamishwa baada ya wiki chache, masharti yakawekwa, mvutano ukaendelea. Mzazi mmoja tu huyo.

Na hapo kuna kitu cha kiufundi ambacho nimekijua juzi. Hizi akaunti za shule za Google zina mafungu mawili. Kuna huduma za msingi kama barua pepe, kuandika nyaraka, darasa la mtandaoni, hizo zina masharti yake ya elimu. Halafu kuna huduma za nyongeza kama YouTube na Maps, hizi masharti yake ni tofauti, na Google yenyewe inaitaka shule ipate ruhusa ya mzazi kabla ya kumfungulia mwanafunzi aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo lile neno "huduma nyingine zitakazohitajika" kwenye fomu yangu si maneno ya kujaza karatasi, lina mlango mzima nyuma yake.

Kitu kingine nilichokuwa nakiamini miaka yote ni kwamba hizi fomu zinatokana na sheria fulani kali, kwamba shule ikitoa intaneti bila sahihi yangu mwalimu mkuu anafungwa. Nikaangalia Marekani, manake tabia nyingi za shule na intaneti zimeanzia huko. Wana sheria ya mwaka 2000 inaitwa CIPA, inaziambia shule zinazopata punguzo la serikali la gharama za intaneti kwamba lazima ziweke kichujio cha kuzuia picha chafu na ziwe na sera ya usalama, na kabla ya kuipitisha sera hiyo waitishe kikao cha wazi watu waseme. Kikao wanataka. Sahihi ya mzazi hawaitaki! Fomu ni shule zenyewe zimejiongezea. Na ile nyingine ya mwaka 1998, COPPA, inayotaka kampuni ipate ruhusa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto chini ya miaka 13, inazibana kampuni, shule haizigusi, na wasimamizi wake wanakubali shule itoe ruhusa kwa niaba ya mzazi ilimradi taarifa zitumike kwa masomo tu na si biashara. Kwa hiyo kuna mazingira unakuta ruhusa yako imeshatolewa, wewe ukiwa kazini, na mtu anayekupenda kabisa.

Kuhusu umri wa mtoto kujikubalia mwenyewe huduma za mtandaoni bila mzazi, kila mtu na lake. Ulaya wameweka 16 ila nchi ikitaka inaruhusiwa kushuka mpaka 13, basi Ujerumani wamebaki 16, Ufaransa 15, Hispania 14, Uingereza 13. Mtoto yuleyule akivuka mpaka kwa treni anakua au anarudi utotoni.

Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walichunguza programu za masomo zaidi ya 160 ambazo nchi 49 zilizitumia au kuzipendekeza wakati wa korona, wakakuta karibu tisa katika kila kumi zilikuwa zinafuatilia watoto au zina uwezo wa kuwafuatilia kwa namna isiyofaa. Na hizo ni zile ambazo serikali zenyewe ziliwaambia watu zitumieni.

Sasa usije ukadhani nimekuwa mtu wa kukataa. Hapana. Kwa hasira siku ile nilitaka kweli kwenda kuchana fomu, mama yake ndo akanituliza, kaniambia muulize kwanza binti yako, yule mwenzake ambaye baba yake alikataa anafanyaje. Nikamuuliza binti. Akaniambia, "Anakaa nyuma na kitabu." Anakaa chumba kilekile cha kompyuta kwa sababu hamna mwalimu wa ziada wa kumwangalia kwingine, kapewa kitabu cha kompyuta chenye picha za kompyuta, wenzake wanabofya yeye anasoma maelezo ya kubofya. Kipindi kikifika katikati anasogeza kiti kidogo kidogo mpaka yuko begani kwa mtu. Mwalimu anamwona ananyamaza. Na nyumbani huyohuyo anashika simu ya dada yake anaangalia anachotaka, hamna kichujio hamna mwalimu. Kwa hiyo pale baba yake anapoona amemkinga, kitu pekee alichomzuilia ni kile kipindi ambacho kungekuwa na mtu mzima wa kumwelekeza.

Mkataba wa haki za mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unaweka mambo haya pamoja, kifungu cha 16 faragha ya mtoto, kifungu cha 17 haki yake ya kupata habari, na kile cha 12 kwamba asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu. Mwaka 2021 kamati yake ikaandika maelezo marefu kabisa kwamba haya yote yanahusu na mtandaoni. Nimevitaja kwa sababu kwenye fomu yangu faragha haipo na mtoto kusikilizwa hakupo. Kuna mzazi na kuna shule, mtoto kazi yake ni kuwa meza ya kusainia.

Nikarudi shule mara ya pili, safari hii bila hotuba. Nikamwambia mwalimu naomba nionyeshe mnachokifanya. Akafurahi jamani! Nadhani hakuna aliyewahi kumwomba. Akanizungusha upande wake wa meza, akanionyesha kichujio kinavyofanya kazi, orodha ya makundi, kamari imefungwa, ngono imefungwa, michezo ya kompyuta imefungwa mpaka saa ya mapumziko. Nikamuuliza kinashindwa wapi. Akacheka, akaandika kutafuta saratani ya matiti, ukurasa mwekundu ukatokea, umezuiwa. Darasa la juu walikuwa na somo la afya wiki ile, akahangaika nacho siku mbili. Ni ugonjwa wa zamani huu wa mashine kuona neno isione maana, mwaka 1996 watu wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza walishindwa kujiandikisha AOL kwa sababu katikati ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazosomeka tusi.

Akaniambia na ambalo sikulitegemea. Kichujio kiko kwenye mtandao wa shule, mtoto akiwasha data ya simu yake hakimhusu. Tableti ya shule ikienda nyumbani na kushika waifai ya nyumbani, kama haikuwekewa kinga ndani yake yenyewe basi iko huru. Wakubwa wanatumia VPN, programu ya kukwepa kichujio, na yeye anajua. Halafu nikamuuliza, nyie mnaona nini hasa, akasema tovuti nyingi siku hizi zinasafiri zimefumbwa kwa msimbo, kwa hiyo kichujio cha kawaida kinaona jina la tovuti, hakioni aliyosoma ndani, ila mashine ambazo shule imeziwekea cheti chake, yaani faili la kuiambia mashine iiamini shule, wanaweza kuyafungua na ya ndani. Mashine zetu zimewekewa? Akasimama kidogo. Akasema ngoja niulize.

Hilo "ngoja niulize" nimelithamini kuliko majibu yote. Manake nilikuwa nimekuja nadhani wao wanajua kila kitu na wananificha mimi. Kumbe naye kuna fomu yake ambayo alisainishwa na aliyewawekea mtandao, na huenda na yeye aliisainia mgongoni kwa mtu.

Basi tukakaa, nikachukua penseli, tukaanza kuikatakata ile aya. Nikamwambia tenganisha. Mtoto kutumia intaneti darasani, kisanduku chake. Akaunti za mtandaoni, kisanduku chake, na majina ya hizo huduma yaandikwe, ikiongezwa mpya mzazi aambiwe. Picha na jina, kisanduku chake, na hapo pia kuna tofauti ya picha bila jina na picha yenye jina. Kifaa cha kwenda nacho nyumbani na kinachoonekana humo, kisanduku cha nne. Na chini kabisa mstari mmoja kwamba nikibadili mawazo nimwandikie nani. Ile sheria ya Ulaya inasema kujitoa kuwe rahisi kama ilivyokuwa kukubali, na mimi kukubali kwangu ilikuwa sekunde kumi, kwa hiyo na kujitoa iwe sekunde kumi.

Mwalimu akakuna kichwa. "Baba, visanduku vinne kwa kila mtoto, kila mzazi atatiki lake, siku ya tukio nimeshika kamera nitakumbukaje nani ndiyo nani hapana?" Na kwa kweli sikuwa na jibu, nilikuwa sijawahi kuwaza upande huo. Ana darasa limejaa, mikono miwili, na mwalimu mkuu anataka picha za ukurasa kabla jioni haijafika. Ndo maana fomu zinakuwa aya moja, si kwa ubaya, ni kwa sababu ndiyo moja ni rahisi kufaili kuliko ndiyo tatu na hapana moja. Mwisho tukakubaliana hivi: picha za ukurasa wa wazi zipigwe kwa nyuma au mikono tu ikiwa kwenye kibodi, majina hayaandikwi kwa yeyote, kwa hiyo hakuna cha kukumbuka. Za sura ziende kwenye grupu la wazazi wa darasa. Rahisi mpaka unajiuliza kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Picha ya binti yangu aliitoa siku ileile nikiwa nimekaa palepale. Ila siku kadhaa mbele ukiandika majina yake bado kwenye matokeo ya kutafuta kilikuwa kinatokea kipicha kidogo, ukibofya unaambiwa ukurasa haupo lakini uso upo, mpaka mashine za kutafuta zipite tena zijue umeondolewa. Nilikuwa naangalia kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Na kama kuna mtu aliihifadhi, hilo halina wa kumwuliza.

Kwa binti yangu niliomba radhi, akashangaa, kwake yeye ubingwa wa kuchapa ndo habari kubwa na kutolewa kwa picha kulimuuma kidogo, akaniuliza "kwa hiyo sasa watu hawatajua?" Nikamweleza nilivyoweza. Akafikiri, akasema picha angeiacha, jina angetoa. Ana miaka kumi. Aliligawanya lile jambo vizuri kuliko fomu.

Fomu mpya imekuja mwezi uliopita, kurasa mbili, visanduku vinne, na kanuni zimebandikwa nyuma. Kuna na nafasi ya mwanafunzi kuandika jina lake mwenyewe. Tulikaa nayo mezani, binti akasoma kwa sauti, kila akikuta neno gumu anasimama tunabishana, ikachukua jioni nzima na alilalamika sana kuhusu hilo. Kisanduku cha kwanza ndiyo. Cha pili ndiyo, tumeandika pembeni tuambiwe kikiongezwa kingine. Cha tatu, bila jina. Cha nne, kile cha tableti ya nyumbani, nimekiacha wazi nikaandika kwa kalamu: je, ina cheti cha shule ndani, na nani anaona? Sijajibiwa. Juzi nilimuuliza mwalimu getini akasema na yeye bado hajajibiwa na waliowawekea mtandao. Kwa hiyo tableti inabaki shuleni, binti anaendelea na kipindi kama kawaida, na nakala yangu ya fomu iko kwenye droo.